Daktari wa Kwenye Simu ya Agnetha

Pale njia panda ya Ihanda, bodaboda zinapopanga foleni, pana benchi na birika la kahawa. Asubuhi ya Jumatano wenye benchi walimzunguka Cleophace, dereva wanayemwita Breki, kwa sababu ndiye aliyempeleka Gaspari kituo cha afya jana yake. Gaspari, kibarua wa migombani, alikuwa hajalala siku nne. Akajifungia na panga kwenye stoo ya kahawa, akisema anafuatwa. Breki alimbembeleza kwenye upenyo wa mlango mpaka panga likatupwa nje.

Kituoni hapakuwa na daktari wa akili. Muuguzi Agnetha akapiga simu ya video, ikatokea sura ya daktari mwanamke aliyekuwa mjini, mbali. Hakuuliza habari za panga. Alimwuliza Gaspari amekula lini. Gaspari akalia, kisha akakubali sindano.

— Fimbo ya mbali haiui nyoka, alisema Rwegoshora, mwalimu mstaafu ambaye pale kijiweni walimwita Profesa.

— Mbona amelala? alijibu Breki. Mpaka sasa amelala.

— Hiyo ni sindano. Simu imefanya nini?

— Simu ndiyo iliyosema sindano gani.

Kaijage, ambaye kwa maneno yake mengi walimwita Redio, alishikilia kwamba kioo cha simu ndicho kinachonyonya ugonjwa, haba na haba hujaza kibaba. Profesa akataka kujua hicho kibaba kinamwagwa wapi. Redio akafikiri, akasema kwenye mnara wa simu ulioko Nyakakika, ndiyo maana mtandao unasumbua. Profesa naye akaona hatari: atakayepigiwa simu kupitia mnara huo ataupokea ugonjwa. Bora wangesubiri daktari aje kwa miguu yake, maana haraka haraka haina baraka.

— Angesubiri na lile panga? Breki aliuliza. Alikuwa bado anausikia mkono wa Gaspari ulivyomng'ang'ania mkanda njia nzima.

Costansia, dada yake Gaspari, akafika kwa miguu. Akawaamkia wazee shikamoo, hakukaa.

— Kesho wanamruhusu. Daktari atampigia tena Jumatatu, ila amesema mpaka hapo asiachwe peke yake. Mimi nashinda kwenye vibarua. Nani atakaa naye?

Profesa alitazama barabara. Redio aliinamia kikombe kilichokwisha kahawa zamani. Breki aliushika ufunguo wa pikipiki ndani ya mfuko, akawahesabu kichwani abiria wa kila siku ambao angewakosa kama angekaa na Gaspari, na Costansia akaendelea kusimama.