Matrida Nyangi Wanzagi, Mama Aliyekaa Mlangoni (1957–2025)

Ndugu waombolezaji, mimi ni Burito, mdogo wake marehemu. Nimepewa dakika tano za kusoma wasifu huu. Dada angenipa tatu.

Marehemu Matrida Nyangi Wanzagi alizaliwa Butiama tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili kati ya saba. Alisoma hukohuko na kumaliza darasa la saba mwaka 1971. Alitamani sana uuguzi, lakini ng'ombe wa baba walihitaji mchungaji na sisi wavulana tulikuwa bado wadogo. Hakuwahi kutulaumu kwa hilo.

Mwaka 1976 aliajiriwa kuwa mpishi katika kiwanda cha pamba, Bunda. Huko alimpata Nathanieli, fundi mitambo, wakafunga ndoa kanisani tarehe 6 Oktoba 1979. Mungu aliwajalia watoto wawili. Mwaka 1998 walihamia hapa Bweri wakajenga vyumba sita vya kupangisha. Shemeji alichimba shimo la choo kwa mikono yake na hakulijengea mawe, kama tunavyofanya kwetu Butiama, ambako udongo ni mgumu na unajishika wenyewe. Bweri ni mchanga. Shemeji alifariki mwaka 2012, choo kikabaki.

Dada alikuwa mwenye nyumba mkali. Jiko la mkaa akilikuta linawaka ndani ya chumba, alilitoa nje mwenyewe na sufuria ikiwa juu. Aliyemsumbua kuliko wote ni Masatu, mchuuzi wa samaki kutoka Kibara, chumba namba nne. Kila alichokatazwa alikigeuza ugomvi, hata kupunguza sauti ya redio usiku. Nilimshauri dada amfukuze, akanijibu kuwa atakayekuja baada yake naye atakuwa na lake.

Aprili 2019, baada ya mvua ya siku tatu, dada aliona ufa kwenye sakafu ya choo. Alituma fundi aitwe, akachukua kigoda chake, akakaa mlangoni mwa choo tangu asubuhi. Wapangaji wengine waliomba choo kwa jirani. Masatu alikataa. Nilikuwepo.

"Mama, mimi nalipaga kodi ya chumba pamoja na choo," alisema. "Toka hapo nipite."

"Kanishtaki, mwanangu. Ila humu huingii."

Alikwenda kweli, akarudi na mwenyekiti wa mtaa. Wakiwa bado wanabishana, sakafu ilizama, na ukuta mmoja ukaifuata. Masatu ndiye aliyemvuta dada mkono, kigoda kikabaki ukingoni. Wiki iliyofuata alibeba mawe ya shimo jipya. Msidhani alibadilika, maana ugomvi wa redio uliendelea kama kawaida.

Mwaka 2023 dada aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Sisi wa damu tulikuwa tukija tukipata nafasi, na naona aibu kulisema. Aliyempeleka kliniki kwa bajaji kila mara ni Masatu, wakigombana njia nzima. Dada alifariki hospitalini mjini Musoma tarehe 20 Oktoba 2025, saa nne asubuhi. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Mvua zikianza, mkague choo."

Marehemu ameacha watoto wawili, Lukresia na Samweli, wajukuu watano, wadogo zake, na wapangaji. Masatu aliomba jina lake liandikwe kwenye orodha hii. Limeandikwa, baada ya Samweli.

Jana mvua ilinyesha hapa msibani. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikamkuta Masatu amekaa kwenye kigoda cha dada, mlangoni mwa choo, akiwazuia wageni wasiingie mpaka amalize kukagua sakafu. Na mimi alinizuia.

Dada, mlangoni yupo mtu. Pumzika kwa amani.