Mwalimu Victor Otuoma, Mhakiki Aliyekataa Kutia Saini

Baba Mchungaji, wazee wetu shikamooni, ndugu na majirani wa Buswelu, mimi ni Okwach, mtoto wa kaka yake marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yangu mdogo, nami naomba mnivumilie, kwa kuwa historia hii haitapita laini kwenye masikio ya kila aliyeketi chini ya turubai hili.

Marehemu Mwalimu Victor Otuoma alizaliwa tarehe 14 Machi 1939 huko Shirati, akiwa mtoto wa nne wa mvuvi aliyependa kulima kuliko kuvua, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia mwaka 1948, akamaliza shule ya kati mwaka 1955, na mwaka 1957 akavuka kuja Mwanza kujifunza ufundi wa mitambo ya meli, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na minne bila kupoteza hata ncha ya kidole, jambo alilojivunia kuliko cheti chochote.

Tarehe 9 Julai 1966, kule Nansio, alifunga ndoa na Rozina, ambaye yuko hapa mbele yetu, wakajaliwa watoto sita, wawili wakatangulia mbele ya haki, wakabaki wanne, mkubwa wao akiwa Atieno.

Mwaka 1971 aliajiriwa kufundisha katika chuo cha ufundi ambacho familia imeniomba nisikitaje jina, na mwaka 1988 akawekwa kwenye jopo la watu watano la kuandika vitabu vya mafundi, na huko ndiko alikoanzisha utaratibu uliomfanya achukiwe na wavivu. Alisema aliyeandika asijihakiki mwenyewe, na kila rasimu ipelekwe karakanani, apewe mtu asiyeijua kazi ile, aifanye kwa kufuata maandishi tu, huku mwandishi amesimama pembeni, mikono nyuma, mdomo umefungwa, na kila mahali mtu yule alipokwama palipigwa wino mwekundu, pakaandikwa upya, pakajaribiwa tena, ndipo saini zikatiwa. Waandishi waliona uchungu kusimama kimya wakitazama sentensi zao zikishindwa kufungua hata nati moja, lakini vitabu vilivyotoka miaka ile havikumdhuru mtu.

Kisha mambo yakafunguliwa, viwanda vya minofu ya sangara vikaota ufukweni, kila kimoja kikitaka mafundi wa majokofu na kuwataka jana, si leo, na jopo likapata mwenyekiti mpya, Bwana Maige, ambaye aliona kuwa utaratibu wa marehemu unachelewesha maendeleo.

Februari 1995 ililetwa rasimu ya hatua za kutoa mafuta machafu kutoka kwenye mtambo wa majokofu wa gesi ya amonia, ikajaribiwa kwenye mtambo mtupu na Bi. Bernadeta, mpiga chapa wa ofisi, mama ambaye hakuwahi kushika spana, naye akafuata maandishi kama yalivyo, akafungua vali ya kumwagia kabla ya kufunga ile ya kuingizia gesi, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa. Marehemu akachukua kalamu nyekundu akaandika pembeni, "Hapa mtu anapoteza macho," akarudisha rasimu, akakataa kutia saini.

Ndugu waombolezaji, yaliyofuata yanatia kinyaa, nami nayasoma kama yalivyo. Jopo liliitwa hotelini mjini bila yeye, wakala samaki, wakasainiana vitabu saba mchana mmoja bila kufungua ukurasa, na mwezi Aprili kitabu kikatoka hatua zikiwa vilevile kinyumenyume, na kwenye jalada la ndani, mahali pa mhakiki, wakaandika jina la Victor Otuoma. Tarehe 22 Agosti 1995 kijana Mihayo, akiwa mazoezini kiwandani na kitabu kile kimefunguliwa mbele yake, alifuata maandishi kwa utii, na tangu siku hiyo haoni. Tume ya uchunguzi ilipokuja, Bwana Maige alifungua jalada, akaonyesha jina, akasema huyu ndiye aliyekihakiki, akanawa mikono. Mdomo uliokula samaki wa hotelini ulipata wapi ujasiri wa kusema vile, sisi hatujui.

Januari 1996 marehemu alistaafishwa, akiitwa mzembe na watu waliokuwa wakimwita mchelewaji, akaandika barua kumi na moja zisizojibiwa, na kila Jumamosi alikwenda kwa Mihayo kumsomea magazeti, wala hakumwambia kwamba hakutia saini ile, mpaka Mihayo mwenyewe alipomuuliza.

Mwaka 1997 kisukari kilimwingia kwenye figo, akalazwa mara tatu hapa Mwanza, na mwezi uliopita Bi. Bernadeta alimfuata wodini, akalia, akatoa ndani ya khanga rasimu ile yenye wino mwekundu, aliyoificha miaka mitatu kwa kuogopa kibarua chake, na marehemu akaishika kifuani, akaomba jambo moja tu, asizikwe na jina la uongo. Alifariki tarehe 11 Novemba 1998, akiwa na miaka hamsini na tisa, miezi saba na siku ishirini na nane.

Juzi chuo kilituletea historia iliyokwisha kuandikwa, yenye saini ya Bwana Maige, ikimsifu marehemu kwa kuidhinisha kitabu kile, na familia imeikataa. Hii ninayosoma niliiandika mimi, akaihakiki mama Rozina, akaihakiki Bi. Bernadeta, kisha Mihayo akasomewa neno kwa neno, nami nikisimama pembeni, mikono nyuma. Rasimu ile iko pale mezani, kando ya jeneza, kila mtu aione.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Buswelu waliochota maji na kukesha nasi, na Bi. Bernadeta. Nilikuwa nimeandika pia mstari wa kuwashukuru wafanyakazi wenzake wa jopo, lakini Mihayo aliposomewa alisema, "Hapo nimekwama," nikaufuta.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, safari hii tumesoma kwanza, ndipo tukatia saini.