Mbao Zenye Mianya

Kwenye basi la kwenda mji wa Klaksvík, katika visiwa vyetu vya baridi na upepo, bibi Marjun aliyeketi mbele yangu alikunjua mchoro wa nyumba yake mpya, akamgeukia Rógvi, kijana aliyeuchora. "Mwanangu, mbona kuta hizi za mbao zenye mianya ni za banda la kuanikia nyama?"

"Ndivyo walivyojenga wazee wetu, mama. Ndani nimeweka kuta za vioo, upepo hautaingia."

"Wazee wetu walimtundika humo kondoo akauke kwa upepo hadi Krismasi. Wao walilala chini ya paa la nyasi, karibu na jiko."

"Lakini inapendeza, mama."

Mimi ninayeishi kwenye nyumba ya zege nilitazama dirishani.

Basi liliposimama, bibi alikunja mchoro. "Inapendeza kweli. Njoo Krismasi, utanikuta nimekauka vizuri."