Lori Lisilopumua

Benchi la nje ya gereji ni kiti cha nyuma cha basi lililokufa zamani, na wanaolikalia kila mmoja ameshalichimbia shimo lake. Asubuhi hiyo Pangaboi alikuwa hakaliki. Aliketi, akasimama, akaenda kugusa boneti ya lori la zamani analoendesha, akarudi, akaketi kwenye shimo la mwingine. Jina hilo walimpa kwa sababu kutwa anajipepea na kofia, na leo alianza kujipepea hata jua halijachangamka. Juzi, kwenye ule mlima mrefu, shemeji yake, anayesafiri naye kama utingo, alizimia ndani ya kabini kwa joto na moshi. Bosi, mwenye lori, hakutaka hadithi. Alitaka jibu moja kabla ya mchana: mbovu ni lori au mbovu ni mtu? Kama ni lori, litengenezwe. Kama ni mtu, atafutwe utingo mwingine. Pangaboi alikuwa ameshika simu tangu afike na bado hajapiga.

— Mwambie ni lori, yaishe, — alisema Kinyozi, ambaye wateja wake humfuata hapo hapo benchini. — Gari gani injini inakaa ndani, katikati ya dereva na utingo, kama mgeni wa heshima?

— Bosi atauliza lina nini. Nimwambie nini? Miaka yote hii linatembea.

— Mwambie waliolitengeneza kwao ni barafu tupu. Injini ndiyo jiko lao. Wanaendesha huku wanaota moto.

— Acha porojo wewe, — alisema Spana, fundi wa gereji, akiweka kikombe chini. — Joto walilijua. Mbona waliweka kile kimlango cha hewa chini ya kioo cha mbele? Unavuta kishikio, hewa inaingia.

— Inatoka wapi hiyo hewa?

Spana alijikuna shingo.

— Kwenye rejeta.

— Si ya moto hiyo!

— Ya moto, lakini ni hewa. Mimi nasema mchoraji aligeuza karatasi juu chini, na kiwanda kizima kikaogopa kumwambia.

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Pangaboi alisimama tena, akaketi tena.

— Nyie hamjui kitu, — aliingia Redio, ambaye kazi yake haijulikani zaidi ya kuongea, na hiyo haiombei likizo. — Fundi, kioo cha mbele si kinafunguka kwa nje?

— Kinafunguka.

— Na waipa si zinalala likipanda mlima?

— Zinalala. Zinavutwa na pumzi ya injini. Injini ikikaza, pumzi haibaki.

— Basi, kesi imekwisha! Lile lilikuwa gari la mikate. Kabini ni ya kuumulia unga. Wanaweka unga mbele, dereva anakanyaga mafuta, wakifika umeumuka. Kioo wanakifungua wapitishe mikate!

— Na dereva je?

— Dereva wanabadilisha kila safari.

— Redio! — sauti ya Pangaboi ilipanda. — Mimi nimemshusha mtu kwa mikono yangu, hajitambui, nawe unaniletea mikate?

Kinyozi akasema kwa upole:

— Labda kweli ni mtu, ndugu yangu. Tusidanganyane. Wapo wenye vifua vyepesi.

Maneno hayo yalimpa Pangaboi nafuu, kisha akajichukia kwa kuipata. Alitafuta namba ya bosi kwenye simu. Hapo ndipo dada yake, mdogo wake wa kumfuata, mke wa yule utingo, alipotokea anatembea haraka.

— Shikamoo kaka. Hamjambo nyote.

— Marahaba. Anaendeleaje?

— Ameamka, amekula. Anasema usigombane na bosi kwa ajili yake. Anasema kifua chake ndicho kibovu, ataacha kazi mwenyewe.

— Umesikia? — alisema Kinyozi. — Mwenyewe kakubali.

Dada hakumtazama.

— Mimi magari siyajui. Nauliza kitu kimoja tu. Mlikuwa kabini moja, injini moja, mlima mmoja. Kaka, mbona wewe hukuanguka?

Kinyozi alianza kusafisha mkasi uliokuwa safi. Spana aliutazama mlango wa upande wa utingo, kisha akainamia kikombe chake.

Pangaboi aliona haya mpaka masikio yakawaka. Mwezi uliopita mkono wa kushushia kioo cha upande wake ulivunjika. Hakutaka kusubiri mwingine, akamwambia Spana aung'oe wa upande wa pili, aufunge kwake. Tangu hapo yeye anaendesha kiwiko kikiwa nje, na mwenzake anasafiri nyuma ya kioo kisichoshuka. Shemeji hakuwahi kusema neno. Utamlalamikia vipi kaka wa mkeo, tena aliyekutafutia kazi?

Akapiga. Bosi alipokea hapo hapo, na sauti yake ilisikika benchi zima.

— Haya, nipe jibu. Lori au mtu?

— Ni mtu, bosi.

Dada yake alimgeukia kwa ghafla, machozi yamemlenga. Pangaboi hakukwepa macho yake.

— Lakini si utingo, — alisema. — Ni dereva wako.