Sanduku Ambalo Wakwe Zangu Walilikubali

Ba tata, ba mama, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoke mapema, nimewaona. Mwenyekiti wa likelemba yetu, chama hiki cha kuchangiana fedha kwa zamu, amenisimamisha niwaeleze nilivyoanguka na nilivyosimama. Kuanguka nitawaeleza vizuri. Kusimama, bado najifunza, mtanisamehe.

Wengi mnajua nilikuwa fundi wa umeme kwenye karakana ya kompani. Nilikuwa na nyumba ya kompani, posho ya unga kila mwezi, na dispensari kwa watoto. Lakini kichwani nilikuwa na sanduku. Dogo tu: unalichomeka ukutani, waya mwingine unaingia kwenye radio, na radio inaimba bila mawe, zile batri ndogo. Mnakumbuka mawe ya radio yalivyopotea madukani. Watu waliyaanika juani ili yapate nguvu tena. Nikasema, sasa ni wakati wangu.

Wala sikukurupuka. Nilijiona mtu wa akili sana. Nilisoma vitabu vya umeme kwenye biblioteki ya misioni mpaka nikaweza kulitengeneza. Halafu nikasema lazima niulize wanunuzi kwanza. Nikabeba sanduku la kwanza nikaenda kuuliza. Wapi? Musonoi, kwa ukoo wa mke wangu. Mnacheka. Ngojeni.

Nyinyi ambao wazee wenu, kama wangu, walitoka Kasai mnajua mkwe anavyopokelewa. Mama mkwe wangu hawezi kula mbele yangu. Tukikutana njiani, anakata kona. Siku ile alikaa nyuma ya pazia, akajibu kupitia kwa mdogo wake: "Umwambie iko muzuri sana. Alete." Wajomba nao: "Leta, tata, tutakamata yote." Nyumba kwa nyumba, ndiyo, ndiyo. Nani angemwambia mkwe hapana, na kuku ameshachinjwa?

Nikaacha kazi. Ukiacha kazi ya kompani unaacha na nyumba, nilijua hilo. Tukapakia vitanda kwenye mkokoteni wa pusupusu, tukahamia chumba cha nyuma kwa kaka yangu mjini. Malipo yangu ya mwisho yakageuka waya, chuma na masanduku.

Hakununua hata mmoja.

"Kesho, tata." "Tungoje mwezi uishe, tata." Kwa heshima zote, kwa tabasamu. Masanduku yakajaa chini ya kitanda, watoto wakayageuza viti. Nawaambia, kilichoniuma zaidi ni kutojua nimeshindwa na nini. Niliamka asubuhi, navaa shati, nafunga vifungo vyote, halafu nasimama mlangoni sina pa kwenda. Mtoto wetu wa pili akashikwa na homa. Miguu ikanipeleka dispensari ya kompani kwa mazoea, wakanirudisha getini. Alipona, Mungu asifiwe, lakini ile njia ya kurudi, mtoto anaungua begani kwangu, nilipita nyuma ya nyumba za kompani ili mtu asinione.

Ndipo nikarudi biblioteki. Ndugu zangu, msifikiri nilikwenda kusoma. Nilikwenda kwa sababu pale hakuna anayekuuliza umekula nini. Mama anayetunza vitabu aliniona nakaa kila siku na kitabu kilekile, ukurasa uleule.

"Tata, unatafuta nini?"

"Sijui, mama."

"Basi angalia bile batu bengine banatafuta."

Akaniletea rundo la magazeti ya zamani na kunionyesha ukurasa wa nyuma, wa matangazo madogo. Huyu anauza, yule anatafuta. Nilisoma kwa kukosa kazi. Waliouza radio za kuchomeka walikuwa watu wa kambi za kompani, kwenye umeme. Waliotafuta mawe walikuwa wa Kisenge, wa vijiji vya kando ya reli, wa mitaa ambako nguzo za umeme hazijafika. Nikaomba ramani ya mji, nikafuata kwa kidole. Mwenye umeme hana haja ya sanduku langu, radio yake inachomeka yenyewe. Mwenye radio ya mawe hana pa kulichomeka. Nilikuwa nimetengeneza kitu cha watu ambao hawapo.

Na kwa mama mkwe? Wanatumia taa ya mafuta. Ilikuwa inaning'inia juu ya kichwa changu, na mimi, fundi wa umeme, nikaridhika na ile "ndiyo" yake.

Kwenye magazeti yaleyale, wengine walitafuta mtu wa kuwajazia batri za gari, maana bila umeme wengi huunganisha radio kwenye batri. Kwa kaka umeme upo. Nikabomoa masanduku, nikaunganisha vipande, nikaanza kujaza. Zinaletwa kwenye baiskeli, zinajaa polepole. Tunakula. Nyumba ya kompani haikurudi, na haitarudi.

Jioni moja nikamwuliza mke wangu kama alijua kwamba kwao hawatanunua.

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Haukuniuliza miye. Uliuliza mama yangu."

Namshukuru, yuko pale. Namshukuru kaka kwa chumba, na yule mama wa biblioteki. Kijana mwenye wazo la mashine, soma kwanza watu wanatafuta nini pale ambapo hawajui kwamba unasoma. Gazeti halina mkwe. Halikuonei aibu.

Sasa mnataka kunipa fedha za zamu yangu mapema, ninunue mashine kubwa ya kujaza batri. Msipige makofi. Nusu yenu ni wakwe zangu, nusu nyingine ni majirani, na mimi hiyo "ndiyo" yenu naiogopa kuliko njaa. Nikianguka tena, watoto hawana chumba kingine cha nyuma. Nawaomba: anayeona haifai aseme hapa, usoni pangu. Ninangoja.

Ninangoja, ndugu zangu.

Mama mwenye kitambaa cha kijani, nimeona mkono. Usimwangalie mume wako. Simama, mama. Sema.