Historia ya Kaka Yetu Mwoga, Mtoa Nyavu Ziwani

Ndugu, jamaa, majirani na wavuvi mliofika kutushika mkono, kwa niaba ya familia nimesimama mimi, dada yake anayemfuata kwa kuzaliwa, niwasomee maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwoga, jina ambalo hakulikataa hata siku moja, kwa sababu, kama alivyopenda kusema mwenyewe, mwoga ni anayeogopa na mwoga ni anayeoga, na yeye alikuwa wote wawili.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya mbao nyuma ya mwalo, pale wavuvi wanaposhusha samaki, akiwa mtoto wa pili wa baba yetu, fundi mitumbwi, na mama yetu, mkausha samaki, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, ambako alisifika kwa hesabu na kwa kuogelea, hata ikawa kazi kumtoa majini chakula kikiwa tayari. Mwaka 1971, wakati wa likizo, yeye na kaka yetu mkubwa walikwenda kuogelea kwenye majabali, wasijue kwamba chini kuna wavu mbovu ambao mvuvi fulani aliukata na kuutelekeza, kaka mkubwa akanasa mguu, marehemu akamfuata kumnasua, akanasa mkono, na mama mmoja aliyekuwa akifua nguo alipoona mapovu akajitosa, akamvuta kwa nywele yule aliyekuwa karibu, ambaye ndiye huyu tunayemzika leo, na yule mwingine hakuwahiwa.

Tangu siku hiyo kaka yetu aliogopa maji kwa namna ambayo sijaiona kwa mtu mwingine, akawa ananawa uso kwa kitambaa kilicholowa ili maji yasimzibe pua, na njia ya shule akaizungusha nyuma ya kiwanda cha barafu asilione ziwa. Alimaliza chuo cha ufundi mwaka 1980, akaajiriwa katika karakana ya injini za boti, na hapo nchi kavu hakuna aliyemfikia, maana injini ikikohoa tu alishajua inaumwa nini, ila kupanda boti kwenda kuijaribu alimwachia mwenzake, na ndipo jina la Mwoga lilipomganda. Ni yeye pia aliyekataza oili chafu isimwagwe ziwani, akaweka pipa mlangoni, na aliyelipita pipa akamwaga pembeni alisindikizwa na maneno yake hadi kwake.

Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na wifi yetu, muuguzi wa zahanati, wakajaliwa binti mmoja na wavulana wawili. Januari 1998, binti yao alikuwa akiogelea na wenzake kwenye majabali yaleyale, mara watoto wakaja karakana mbio wakipiga kelele, "Kashikwa na wavu! Kashikwa na wavu!", na marehemu, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwa amelowesha ziwani hata kifundo cha mguu, alikwapua kisu mezani, akaingia majini na viatu vyake, akakata nyuzi kwa kupapasa katika tope la chini, akampandisha mtoto akiwa hai, kisha akakaa mchangani meno yakigongana.

Wavu ule ulikuwa wa nyuzi za plastiki zisizooza, wenye matundu madogo yasiyoruhusiwa, uliokatwa na mtu aliyeiona boti ya doria akaona heri aupoteze kuliko akamatwe nao, na tulipouvuta ufukweni ulikuwa umejaa samaki waliooza, wadogo kwa wakubwa, waliovuliwa bila mvuvi. Marehemu alipotangaza kwamba kuanzia hapo atazitoa nyavu zote zilizoachwa chini, wifi alimwambia, "Wewe maji ya beseni tu yanakutoa jasho, huko chini utafanyaje?" naye akajibu, "Nitatetemeka hukohuko, wavu hauna macho."

Na kweli alitetemeka, kila mara, miaka yote, akizama na kamba kiunoni huku wifi ameshika ncha nyingine mtumbwini, na mtetemo ule ulipanda na kamba hadi viganjani mwa wifi, ndio uliomtuliza, kwa kuwa kamba ikitetemeka mume yu hai. Siku moja mwaka 2004, nami nikiwa mtumbwini, kamba ilitulia, wifi akanitazama, sijawahi kuona macho ya namna ile, akapaza sauti, "Vuta, wifi, vuta!", tukavuta hadi mikono ikachubuka, akaibuka na wavu umemzunguka shingo, midomo imebadilika rangi, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Kisu kimeniponyoka." Wiki iliyofuata alizama tena.

Mwanzoni wavuvi walimcheka, wengine wakamtisha kwamba siku moja atabaki hukohuko, lakini nyavu zilivyozidi kurundikana ufukweni walikuja mmoja mmoja, wakakubaliana kwamba kila wavu uwe na alama ya mwenyewe, wavu uliochakaa urudi nchi kavu, na pale mto unapoingilia ziwani pasitegwe msimu samaki wanapozaa.

Mwaka 2023 alianza kuumwa kifua, daktari akamkataza kuzama, na mwezi uliopita alilazwa. Akiwa wodini alipata habari kwamba wavu mrefu umekatwa tena karibu na majabali, na kuanzia hapo kila aliyemtembelea, marehemu alimkamata mkono akimuuliza, "Wavu umetoka?", mwenzake wa karakana akamwambia ukweli, "Bado, maji yamechafuka, chini hatuoni kitu." Aliposikia watoto wakicheza uani pa hospitali alidhani wako ziwani, akapiga kelele watolewe, hadi wauguzi wakafunga dirisha. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Mei 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa wifi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliopika na kulala nasi, mafundi wa karakana walioleta injini zao mkasikia zikinguruma kumuaga, na wavuvi ambao leo hamkutega.

Ndugu zangu, wavu ule bado uko chini, mwenyewe anajijua, pengine amekaa nasi hapa, hatutamtaja, tunamwomba tu atuonyeshe alipoukatia, kwa sababu keshokutwa binti wa marehemu atazama kuutafuta, naye asubuhi hii ameniambia, "Shangazi, naogopa," nami nikamwambia naogopa kuliko yeye. Hadi tutakapowatangazia, tafadhali, mtoto yeyote asikanyage maji ya pale.

Kaka, pumzika kwa amani, zamu ya kuogopa sasa ni yetu.