Ng'ombe Aliyeonewa Huruma

Nilikuwa nakamua shuka la tatu Breki aliponiita kutoka kwenye benchi la wanywa kahawa, lililo ubavuni mwa zizi langu.

— Mama Pacha, acha kufua! Ng'ombe amevimba.

Nikatoka na povu mikononi. Ubavu wa kushoto ulikuwa umetuna, ngozi imekaza, na mdomo haucheui. Maziwa yake ndiyo chakula cha pacha wangu, na sina ng'ombe mwingine. Nikampigia daktari wa mifugo, hakupokea. Benchini, hata hivyo, madaktari walikuwa watatu: Breki, dereva mstaafu wa lori; Profesa, fundi viatu; na Mwokaji wa mikate.

— Ni gia, alisema Breki. Ng'ombe ana gia nne. Hii imenasa ya pili.

— Matumbo manne, si gia, Profesa akamkata. La majani, la maji, la maziwa, na la akiba. La akiba limefurika. Wahenga walisema, akiba haiozi.

— Amemeza upepo, alisema Mwokaji. Tumfunge mdomo usiingie mwingine.

— Atakayemgusa mdomo nitamfunga yeye, nikasema. Tumbo ni moja, lina vyumba vinne.

Dada mmoja aliyekuwa akisubiri kiatu chake kwa Profesa akauliza taratibu:

— Kwani leo amekula nini?

Breki akachungulia kikombe kitupu. Profesa akaanza kutunga uzi kwenye sindano iliyokwisha kutungwa.

— Haondoki mtu hapa, nikasema, mpaka nijibiwe.

— Shemeji, alianza Mwokaji, sisi tulimwonea huruma. Kutwa anatafuna na hori liko tupu. Anatafuna mate! Nikampa unga uliokandwa. Beseni moja tu.

— La pili nilipeleka mimi, alisema Profesa. Sikujua kuna la kwanza.

— Mimi mikate, Breki akanong'ona. Ya jana.

— Una hamira huo unga? nikamuuliza Mwokaji.

— Ungeumukaje bila hamira, shemeji?

— Sikilizeni, watu wazima, nikasema. Majani aliyokula alfajiri yanarudi mdomoni, anayasaga upya. Huko ndiko kucheua. Hakuwa na njaa, alikuwa kazini!

Simu ikalia. Daktari alisema: mafuta ya kula kidogo kidogo, asipaliwe, magadi kwenye maji ya vuguvugu, mtembezeni, naja.

Breki alishika kichwa cha ng'ombe, mimi chupa. Profesa alisugua ubavu, Mwokaji akasukuma nyuma.

— Mama Pacha, alihema Profesa, haraka haraka haina...

— Sukuma.

Mzunguko wa tano ng'ombe alisimama, akanyoosha shingo, akateuka. Uchochoro mzima ukanuka chachu. Hakuna aliyecheka. Tukaendelea kuzunguka hadi daktari alipofika, akampitishia bomba la mpira kooni, gesi ikatoka kwa mluzi mrefu. Alitega sikio ubavuni muda mrefu, kisha akasema ataishi: nyasi kavu tu, na benchi likae mbali.

Jua lilipozama nilipakua. Niliwahesabu kwa mwiko: pacha wawili, baba yao, daktari, na wale watatu wamenawa hadi viwiko. Wote wapo. Dirishani, ng'ombe alikuwa amelala, taya zimeanza kwenda.

Breki akaacha tonge hewani.

— Anatafuna tena.

— Mwache, nikasema. Kula chako.